Aishado kali mkononi, majivu jichoni: namna ya kupima rangi, umbile na udumu wake

Swali: Msomaji wetu wa Temeke, Dar es Salaam, anayepamba maharusi, anaandika hivi: "Nilinunua Kariakoo paleti ya aishado, yaani rangi za kupaka kope, yenye rangi 35. Dukani nilipitisha kidole nikapaka mkononi, rangi zikatoka kali kweli. Nilipompaka bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, zambarau ikawa kama majivu, glita zikamwagikia mashavuni, na kufika saa 3 usiku ukumbini mikunjo ya macho ilishajichora mistari. Nitaijuaje aishado nzuri kabla sijatoa hela, na kabla sijamgusa mteja?"

Jibu: Dada, hapo umeeleza kasoro tatu, na kila moja ina chanzo chake. Rangi kugeuka majivu kunatokana na kilichochanganywa ndani ya poda. Glita kumwagika kunatokana na ukubwa wa chembe na namna zilivyopakwa. Mistari kwenye mkunjo kwa kawaida inaletwa na mafuta ya ngozi, jasho na kile ulichopaka chini ya aishado, na hapo mara nyingi poda inasingiziwa tu. Asiyezitenganisha anaitupa paleti, ananunua nyingine, na kosa linamfuata hukohuko. Nitakueleza namna ya kupima kila moja peke yake, kwa vitu ambavyo vingi tayari unavyo kwenye begi lako la kazi.

Tuanze na kile kidole. Karibu kila mnunuzi anapima kwa kupitisha kidole kwenye poda na kupaka upande wa ndani wa mkono, na hakuna kipimo kinachodanganya kama hicho. Kidole kina joto na mafuta. Kinabeba poda nyingi kuliko brashi na kuikandamiza kwenye ngozi, kwa hiyo hata poda hafifu inatoka nzito. Upande wa ndani wa mkono nao ni mweupe kuliko uso, ni laini, hauna mkunjo na haupepesi. Kidole kitumie kwa jambo moja tu, kuhisi umbile. Rangi ipime kwa brashi.

Ukienda dukani beba brashi mbili safi: moja bapa yenye manyoya mafupi ya kukandamizia, nyingine yenye manyoya marefu na laini ya kuchanganyia. Paka upande wa nje wa mkono, chini ya kiwiko, pale ambapo jua limepapiga. Hapo rangi ya ngozi inakaribia ya usoni. Kama wewe ni mweupe kuliko wateja wako wengi, nenda na mtu mwenye ngozi nyeusi akuazime mkono wake, kwa sababu poda ile ile inaweza kupendeza kwako na kuharibika kwake. Usipake losheni kwanza, wala praima, ile krimu inayotangulia chini ya rangi. Brashi bapa iguse poda mara moja, ikung'ute, kisha kandamiza mstari wa sentimita 3 hivi. Rudia mguso wa pili juu ya nusu tu ya mstari huo, ili upande mmoja uwe na tabaka moja na mwingine mawili. Mwisho chukua brashi laini isiyo na rangi, zungushia ukingo wa mstari mara kumi.

Sasa toka hadi mlangoni, kwenye kivuli, uutazame mkono ukiwa umeunyoosha. Taa nyeupe za maduka zinaficha umanjano na uwekundu, na jua la moja kwa moja linachangamsha hata kisichong'aa. Tabaka la kwanza linatakiwa lionekane kuwa ni rangi yenyewe, si ukungu wake. La pili linatakiwa likolee bila kubadilika aina ya rangi. La pili likiling'oa la kwanza na kuacha mabaka, poda ina utelezi mwingi mno na haitashika jichoni. Halafu tazama ukingo uliouzungushia brashi. Majivu huanzia hapo, pale rangi inapokuwa nyembamba, wakati katikati ya mstari bado panapendeza. Jichoni sehemu kubwa ya kazi yako ni ukingo huo mwembamba.

Kwa nini basi inageuka majivu? Aishado ya poda ina mambo matatu: poda za kujazia kama talki, mika na kaolini, vishikizi kama zinki stearati au magnesi stearati pamoja na mafuta kidogo au dimethikoni (aina ya silikoni), na pigmenti zenyewe, yaani chembe zinazotia rangi. Poda za kujazia zikiwa kavu zina hewa katikati ya chembe zake, na hewa hiyo inatawanya mwanga na kuonekana weupe. Kwenye ngozi nyeupe hilo halionekani. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo juu ya weusi unatoka kijivu chenye ubluu, na ndiyo majivu uliyoyaona. Kitu cha pili kinacholeta majivu ni titani dioksidi, pigmenti nyeupe ambayo watengenezaji huiongeza ili kuipoza rangi na kuipa uzito. Vyanzo hivi viwili vinafanana kwa macho, ila kimoja kina dawa na kingine hakina.

Kuvitenganisha ni rahisi, na kipimo hiki nakiheshimu kuliko vingine vyote. Paka mstari wako kama nilivyoeleza, kisha gusa mwisho mmoja kwa kijiti cha pamba chenye tone dogo la mafuta, ya nazi au ya watoto, yoyote yasiyo na rangi. Mafuta yanaingia kwenye nafasi za hewa, na talki na mika zinakuwa karibu kama kioo. Kama pale palipolowa rangi imekolea ghafla na ukijivu umetoweka, tatizo lilikuwa poda za kujazia tu. Aishado hiyo itaokoka ukiikandamiza juu ya kitu chenye unato au kwa brashi yenye unyevu kidogo. Kama pamelowa na bado pamepauka, hapo pana titani dioksidi nyingi, maana hiyo hubaki nyeupe hata ndani ya mafuta. Rangi hiyo kwenye ngozi nyeusi haitapona kwa ufundi wowote. Itumie kama rangi ya kupauka pale unapoitaka mpauko, au iache dukani.

Zambarau yako hainishangazi. Zambarau na bluu za mati, yaani zisizong'aa, ndizo rangi ngumu kuliko zote kutengeneza. Kahawia, matofali, haradali na nyeusi zinatoka kwenye oksidi za chuma, pigmenti zenye nguvu, nafuu na zinazoshikamana vizuri. Kwenye lebo utaziona kwa namba za CI, ambazo ni namba za kimataifa za kutambulisha rangi: CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Zambarau inategemea vitu kama zambarau ya manganizi, CI 77742, na bluu ya altramarini, CI 77007, ambazo nguvu yake ya kupaka rangi ni ndogo. Mtengenezaji inabidi aziweke nyingi, na akiziweka nyingi poda inakuwa ngumu kugandamizwa ikashikana. Akizipunguza, poda za kujazia zinatawala. Ndiyo maana ukitaka kujua kiwanda kina ufundi, usipime kahawia yake. Pima zambarau ya mati, bluu ya mati, na ile kahawia nyepesi inayofanana na ngozi. Zikitoka sawa hizo tatu, paleti nzima haitakuangusha. Rangi za kung'aa ni rahisi kuzitengeneza vizuri, na paleti nyingi za bei ya chini zina ming'ao mizuri na mati mbovu. Muuzaji akikuonyesha, ataanza na zinazong'aa.

Hiyo uliyonayo ifanyie jaribio la tone la mafuta. Ikikolea, paka kwanza penseli ya macho ya zambarau iliyoiva sana, ile laini ya krimu, isambaze kwa brashi ikiwa bado mbichi, kisha kandamiza poda juu yake. Usipake konsila (krimu ya kuficha madoa) nyeupe chini kwa kudhani itaipandisha rangi. Msingi mweupe unaichangamsha njano na kijani ya ndimu, lakini zambarau, kahawia na bordo, ile nyekundu iliyoiva, unazigeuza rangi za pipi, na ukingo wake kwenye ngozi nyeusi utaonekana umekatwa kwa wembe. Msingi ufanane na ngozi ya mteja au umzidi weupe kwa daraja moja tu.

Maadamu tumegusa lebo, nikupe na tahadhari yake. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kidogo, lakini pigmenti zinaruhusiwa kuwekwa mwishoni kwa mpangilio wowote. Kwenye paleti ya rangi 35, namba za CI za rangi zote hurundikwa pamoja. Kwa hiyo lebo haikwambii zambarau yako ina pigmenti kiasi gani. Ina faida nyingine: inakuonyesha vitu vya kuwa navyo makini. CI 15850, nyekundu na waridi kali sana, Ulaya inaruhusiwa lakini Marekani haijaidhinishwa kwa eneo la macho. Ina tabia ya kuacha doa la waridi kwenye kope hata baada ya kuosha, na kuna ngozi zinazowashwa nayo. CI 75470 ni karmini, nyekundu itokanayo na wadudu waliokaushwa. Wapo wateja wasioitaka kwa sababu za dini au za mwiko wao, na ni haki yao kuambiwa kabla.

Sasa umbile. Hapa ndipo kidole kina kazi. Bonyeza poda kidogo na usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Inayokwaruza kama chaki itapaka kwa mabaka. Inayoteleza sana na kuacha vidole kama vimepakwa krimu ina mafuta mengi. Itapendeza saa ya kwanza na kukusanyika mkunjoni baadaye, hasa kwenye joto la pwani. Ngumu isiyotoa kitu ama imegandamizwa kupita kiasi ama imeota gamba. Unayoitafuta inateleza kidogo, inabaki vidoleni kama utando sawia, na haina punje.

Halafu brashi laini iguse poda mara tatu kwa wepesi, na utazame kinachobaki juu. Vumbi kidogo pembezoni si kasoro. Poda laini zenye pigmenti nyingi hutoa vumbi, na dawa yake ni kugusa kwa ncha ya brashi badala ya kusugua. Ubaya ni vipande vinavyomeguka, au shimo kutokea pale brashi ilipopita. Kipimo cha kumwagika kifanye wima, kama jicho lilivyo: weka karatasi nyeupe mezani, simamisha kiganja juu yake, paka poda mgongoni mwa mkono kwa miguso kumi, kisha hesabu kilichoanguka. Mati nzuri huangusha vumbi la kupulizwa. Rangi ya mng'ao ikiangusha chembe unazoweza kuzihesabu moja moja, zitaanguka pia saa mbili baadaye mteja akicheka.

Mng'ao wenyewe haufanani. Unatokana na vipande vya mika vilivyovikwa titani dioksidi au oksidi ya chuma, na ukubwa wa vipande ndio unaoamua. Vya chini ya mikroni 15 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) vinatoa mng'ao wa hariri unaoziba vizuri na kushika. Vya mikroni 10 hadi 60 vinatoa ule wa lulu. Vikizidi 100 unaona nyota moja moja, na ndivyo vinavyomwagika, kwa kuwa kipande kikubwa ni kizito na kinashikwa na ngozi sehemu ndogo tu. Glita ni kitu kingine kabisa, mara nyingi plastiki iliyokatwakatwa, na haishiki bila gundi yake maalumu. Glita za kazi za mikono zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule zisikaribie jicho la mteja hata siku moja. Kingo zake ni kali na zinaweza kukwaruza mboni.

Rangi zinazobadilika ukigeuza kichwa, mfano kijani inayogeuka zambarau, zinapimwa tofauti. Rangi yake haitoki kwenye pigmenti bali kwenye unene wa lile vazi jembamba la mika, ambalo linarudisha rangi moja ya mwanga na kuipitisha nyingine. Juu ya msingi mweupe mwanga uliopita unarudi na kuivuruga, na unaona kitu kama maji ya maziwa. Juu ya msingi mweusi unamezwa, rangi inajitokeza. Kwa mng'ao huu ngozi nyeusi ina faida ya bure. Ipime juu ya penseli nyeusi, usiihukumu kwenye ngozi tupu.

Kuhusu kumwagika, rekebisha mpangilio wa kazi kabla ya kubadili bidhaa. Maliza macho kwanza, fondesheni baadaye. Kilichoanguka kifute kwa pamba yenye maji ya kuondolea mekapu. Mng'ao kandamiza kwa ncha ya kidole kisafi au brashi bapa, usifagie. Ukitaka unyevu, nyunyizia brashi, ikaushe kidogo kwenye tishu, ndipo uguse poda. Ukinyunyizia poda yenyewe inashikana juu, inakauka na kuwa gamba linalong'aa kama limepigwa rangi ya kiwi, na brashi haichukui tena kitu. Gamba hilo huletwa pia na mafuta ya vidole. Likishatokea, bandika selotepu taratibu na uibandue, au kwangua juu kwa brashi safi ya maskara. Nusu milimita inatosha, chini yake poda ni nzima.

Tukifika kwenye udumu, mkono hauna kazi tena. Hapa panahitajika macho mawili ya mtu mmoja na siku nzima, na ni vizuri ujaribu kwako au kwa rafiki mwenye kope zenye mafuta, maana ndiye atakayekuonyesha ubaya mapema. Osha uso, kausha, usipake losheni wala mafuta juu ya macho. Jicho la kushoto liache tupu. La kulia paka praima ya macho, nusu punje ya mchele inatosha kwa jicho moja, isambaze hadi chini ya nyusi na usubiri dakika nzima macho yakiwa yamefumbwa nusu. Praima nyingi zina kimiminika kinachoruka hewani, mara nyingi isododekani, na kuacha utando. Ukiiharakisha, aishado inanata kwenye kilicho kibichi na kutoa mabaka. Baada ya dakika hiyo mwambie atazame juu, lainisha kwa kidole mstari uliojitokeza mkunjoni, ndipo upake aishado ile ile macho yote mawili, kwa brashi ile ile na miguso sawa.

Piga picha kope zikiwa zimefumbwa, na nyingine zikiwa zimefunguka nusu, dirishani, pasipo jua la moja kwa moja. Rudia baada ya saa 2, 4, 6 na 8, pahali palepale. Katikati ya muda huo mtu aishi kawaida: atembee juani, apike, apande daladala. Aishado iliyodumu saa 8 kwenye chumba chenye kiyoyozi haijakwambia chochote kuhusu ukumbi wa watu mia tatu Machi, Dar es Salaam au Mombasa.

Kusoma matokeo ndiko kwenye maarifa. Jicho tupu likijichora mstari saa ya pili na lenye praima likabaki safi hadi ya nane, aishado ni nzima na ngozi ndiyo yenye mafuta. Kazi yako ni msingi. Yote mawili yakififia polepole bila mistari, poda haina vishikizi vya kutosha, inadondoka vumbi. Yote mawili yakijichora mistari, aidha aishado ina mafuta mengi, aidha umeweka vitu vingi chini yake. Rangi ikiiva na kuwa nyeusi zaidi saa ya tatu au ya nne, watu husema imeoza au imebadilika. Kilichotokea ni mafuta ya ngozi kuingia kwenye poda, sawa na tone letu la mafuta. Kwa hiyo kumbe lile jaribio la dukani linakuonyesha pia sura ya rangi hiyo jioni. Kama hukuipenda ilipolowa, usimpake bibi harusi.

Mistari uliyoiona saa 3 usiku naihusisha zaidi na kilichokuwa chini. Chunguza kimoja kimoja. Konsila nene ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Inatakiwa tabaka ambalo ukikunja jicho halitembei, na watu wengi huweka mara tatu ya hapo. Wa pili ni mafuta ya mgando au ya nazi ambayo mteja alijipaka asubuhi. Mwombe siku hiyo aje na uso mkavu, na hata hivyo futa kope zake kwa tishu kavu, kisha kwa pamba yenye tona, kabla ya praima. Wa tatu ni wanja wa mafuta uliopakwa hadi mkunjoni. Wa nne ni kuacha msingi bila poda: baada ya praima au konsila, gusa kwa poda kiduchu ya rangi ya ngozi, brashi ndogo, pale mkunjoni tu. Ukifunika kope lote kwa poda, ming'ao haitashika. Na ukumbuke kuwa anayepambwa saa 5 asubuhi kwa ukumbi wa usiku anahitaji saa 12 na zaidi. Hapo hakuna aishado itakayokuokoa bila kumrudia kidogo kabla ya kuingia ukumbini. Ukimrudia, usiongeze poda juu ya mistari. Kandamiza tishu ichukue mafuta, lainisha mstari kwa kidole au kijiti cha pamba kikavu, halafu rudisha rangi kwa miguso miwili.

Machozi yapo, na kwenye kumuaga binti ndiyo yanatarajiwa. Jicho lililokwisha pakwa nyunyizia maji mara tatu kutoka sentimita 30, liache likauke bila kuguswa, kisha bonyeza tishu. Aishado nzuri itaacha alama hafifu kwenye tishu na madoa madogo yanayofutika kwa brashi kavu. Ikichuruzika, au ikaacha tishu ikiwa na rangi nzima, mteja anayetarajiwa kutoa machozi usimpake hiyo kope la chini. Na wafundishe wateja kubonyeza machozi, si kufuta.

Kwa kazi ya maharusi kuna kipimo cha picha pia. Taa ya duara ya saluni inamulika kutoka pande zote na kufuta vivuli, hivyo mng'ao unaonekana laini kuliko ulivyo na mabaka ya mati yanajificha. Piga picha moja kwa taa hiyo, moja dirishani, moja kwa fleshi gizani. Fleshi ndiyo itakayokufichulia weupe wa titani dioksidi na wa silika iliyomo kwenye poda nyeupe za kumalizia. Mpiga picha wa harusi hatakuonya, atakuletea albamu.

Bei ipime kwa gramu na kwa rangi utakazozitumia. Nyuma ya paleti pameandikwa uzito halisi. Kopo moja la kawaida lenye upana wa milimita 26 lina gramu 1.3 hadi 1.5 hivi. Tuseme paleti ya rangi 35 ina gramu 28 na unauziwa shilingi 35,000: gramu ni 1,250, inaonekana rahisi. Lakini kila rangi ina gramu 0.8 tu, na kama unazozitumia ni nane, umelipa 35,000 kwa gramu 6.4, karibu 5,500 kwa gramu. Kwa mpambaji mwenye wateja weusi wengi, makopo tisa ya kuchagua mwenyewe yanafanya kazi kuliko thelathini na tano ya kuchaguliwa: kahawia tatu za mati kwa ngazi, nyeusi, bordo, zambarau iliyopita jaribio la mafuta, dhahabu, shaba, na moja ya kubadilika rangi.

Kabla ya kulipa geuza boksi. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo, na tarehe ya kwisha au ile alama ya kopo lililofunguliwa yenye 12M au 24M, yaani miezi ya kutumia tangu siku ya kulifungua. Tanzania Bara vipodozi vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, tangu 2019, vilipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Zanzibar ni ZFDA, wakala wa chakula na dawa, na Kenya ni KEBS, shirika lao la viwango. Boksi lisilo na orodha ya viambato liache hata kama rangi ni ya ndoto, maana hujui unaweka nini milimita mbili kutoka kwenye mboni ya mtu. Bidhaa mpya ipake kwanza ndani ya kiwiko na uiache saa 24, na kwa mteja mwenye mzio fanya hivyo siku kadhaa kabla ya shughuli.

Kopo la kujaribia dukani lisiguse jicho kamwe, lako wala la mteja. Macho mekundu yanaambukizwa kwa mikono na vifaa vya kuchangia, na mlipuko wa mwanzoni mwa 2024, Dar es Salaam na Mombasa, ulitukumbusha hilo. Kazini kwangua poda unayohitaji kwa kijiko kidogo, weka kwenye sahani ya chuma, chukulia hapo. Kwa mng'ao wa kukandamiza tumia brashi ya mteja huyo au kidole chenye glavu. Brashi za macho zioshwe kwa sabuni kila baada ya mteja, zilazwe zikauke kabisa. Kwa haraka ya mteja anayefuata, spiriti ya asilimia 70, na subiri hadi harufu iishe. Poda yenyewe unaweza kuipulizia spiriti hiyo hiyo kwa mbali mwisho wa siku na kuiacha wazi ikauke. Mati zinavumilia. Zile za mng'ao laini zenye mafuta mengi huota gamba, hivyo hizo kwangua juu tu. Mteja akija na jicho jekundu au lenye tongotongo, mwambie usoni utampamba sehemu nyingine zote na macho yatasubiri.